Mkalimani wa Chumvi na Maji

Cheo cha ukalimani nilipewa asubuhi moja nikiwa nimeshika fagio, na nadhani nilikipata kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu zaidi. Wakati huo nilikuwa mhudumu katika kantini ya kambi moja ya wafanyakazi wa mradi wa gesi huko Afungi, kaskazini mwa Msumbiji, mle ndani ya uzio, ambako mtu akiingia hukaguliwa mpaka kwenye soli za viatu, na akitoka hukaguliwa tena, sijui kwa hofu kwamba ameiba gesi akaificha kwenye soksi. Kazi yangu ilikuwa kupakua chakula, kukusanya sinia na kufuta meza. Mdomo niliutumia kusalimia na kunung'unika, na kwa yote mawili hakuna aliyewahi kunilalamikia.

Mkuu wa kantini tulimwita shefe, kama tunavyomwita mkubwa yeyote wa kazi. Alikuwa mzungu mrefu, mwenye uso mwekundu, na lugha yake ilikuwa Kiingereza tu. Aliamini kwa dhati kwamba Kiingereza kikisemwa kwa sauti kubwa ya kutosha kitaeleweka na kila kiumbe, wakiwemo kuku. Asubuhi hiyo alitukusanya jikoni akatuambia kuna wachomeleaji wa chuma wanakuja kutoka Hispania, watakula kwetu, na hawajui Kiingereza. Alilisema hilo la mwisho kwa huruma, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Nani hapa anajua Kihispania?" akauliza.

Tukatazama sufuria.

"Huyu dada anajua Kiingereza na Kireno," akasema mwenzangu mmoja, akinisukuma begani. Nilimsamehe, lakini ilinichukua muda.

Ni kweli nilikuwa navyo vyote viwili. Kireno nilikipata shuleni Olumbi, ambako mwalimu alituingizia vitenzi kwa njia ambazo masikio yangu bado yanazikumbuka. Kiingereza nilikiokota Mtwara, kwa mama yangu mdogo, nilikokimbilia mambo yalipoharibika kwa vita huku kwetu. Nilifanya kazi katika nyumba ya wageni, na wageni wa Kiingereza wana tabia nzuri ya kurudia jambo lilelile kila asubuhi, kwa hiyo mtu hujifunza.

"Vizuri sana," akasema shefe. "Kireno na Kihispania ni kitu kimoja."

Nikamwambia kwa adabu kwamba nilivyosikia mimi si kitu kimoja, ni kama ndugu.

"Basi ndugu huelewana," akasema.

Ilikuwa dhahiri kwamba huyu mtu hakuwa na ndugu.

Akanifariji kwamba kazi ni ndogo. Yeye atasema kwa Kiingereza, mimi nitasema kwa Kihispania, na yote yatakuwa maneno ya mezani: chumvi, maji, uma, karibuni, rudisheni sinia zenu. "Ni chakula tu," akasema. "Utakosea wapi hapo?"

Nilikosea pale pale, siku ya kwanza, kwenye chakula cha kwanza.

Siku hiyo tulikuwa na pweza, wametoka kisiwa cha Macaloe. Aliyewapika ni mpishi wetu mkuu, mama wa makamo, Mmakonde wa Mueda, mtu wa kanisa kila Jumapili. Aliteremka pwani akijua kupika kila kitu isipokuwa pweza, na alipojifunza pweza akatupita sisi tuliozaliwa nao. Mimi nilimwita Mama, yeye aliniita binti. Kireno chake alikipata misheni, akakitunza kama gauni la Pasaka: hakukitoa ovyo, na hakupenda mtu akichafue.

Wachomeleaji wakaingia, wanaume wakubwa wenye mikono iliyoungua ungua, wamejaa vumbi jekundu la barabara kutoka utosini mpaka viatuni. Shefe akasimama kando yangu, akajisafisha koo.

"Waambie mabwana," akasema, "kwamba leo, ikiwa watapendezwa, tuna pweza mzuri wa hapa hapa, katika nazi."

Kwa Kireno pweza ni *polvo*. Nikaamua kwamba ndugu hawawezi kutofautiana juu ya kiumbe mwenye mikono minane. Nikainua sauti: "Señores, hoy, polvo con coco!"

Mmoja akajitazama mikono ya shati. Mwingine akatazama dari. Vijana wawili wa nyuma wakaanza kucheka kicheko ambacho mwanamke hukitambua kwa lugha yoyote. Aliyekuwa mbele, mzee mmoja mwenye masharubu meupe na vidole vifupi vinene, akajipiga kifuani mara moja, na vumbi likatoka kwenye shati lake kama moshi wa jiko.

"Polvo?" akasema taratibu, akionyesha lile vumbi. "Asante, binti. Nimekula tangu asubuhi."

Ndivyo nilivyojua kwamba kwa Kihispania nilikuwa nimewakaribisha vumbi la nazi. Wale vijana, nilikuja kuambiwa baadaye, walikuwa wanalifikiria neno hilo kwa maana yake nyingine, ambayo sitaiandika, maana mama yangu ana watu wa kumsomea.

Yule mzee akainama juu ya sufuria, akachungulia, uso ukafunguka kana kwamba ameona jamaa yake aliyepotea. "Pulpo!" akapiga kelele. "Ni pulpo!"

Foleni yote ikasogea kwa fujo. Shefe akanipigapiga bega. "Umeona? Wanakupenda. Unawachekesha pia."

Mchana huohuo kijana mmoja akaniomba *vaso* ya maji. Nilifundishwa shuleni kwamba vaso ni chungu cha maua. Pale mlangoni tulikuwa navyo viwili, vyenye maua ya plastiki, shefe aliviweka ili wageni wajisikie nyumbani. Nikajiambia kila watu na mila zao, nikamwonyesha kimoja kwa kidole, nikamuuliza kama ni hiki. Akatikisa kichwa kwa woga. Nikamletea glasi, nikamuuliza kwa Kireno changu kama alitaka *copo*. Akazidi kuchanganyikiwa, kwa sababu kwao copo ni chembe ya theluji. Akachungulia nje dirishani, kwenye jua la Afungi, kisha akaichukua glasi kutoka mkononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Lakini mzigo mkubwa haukuwa Kihispania. Ulikuwa Kiingereza cha shefe. Mtu wa Kiingereza akitaka chumvi haombi chumvi. Huanza kwa kuuliza kama haitakuwa usumbufu, halafu anakisia kwamba huenda kuna uwezekano, halafu anajiuliza kama wewe ungeweza, na ukifika mwisho wa sentensi chakula kimepoa na chumvi bado haijatajwa. Wahispania nao hawana muda huo. Wao husema *nipe*, *nimwagie*, *niwekee*, na wakimaliza wanacheka, na hakuna aliyetukanwa. Kwa hiyo shefe aliposema, "Uwe mwema uwaulize mabwana kama wangependelea kuongezewa wali kidogo," mimi nilisema, "Más arroz?" Na wao wakijibu "Dale," yaani tia, nilimwambia shefe kwamba mabwana wanashukuru kwa ukarimu wake na wangefurahi sana. Alipenda kusikia hivyo. Sikuona haja ya kumnyima.

Kwetu, kusema kweli, hakuna kuomba. Nyumbani mama yangu huutazama mkono wako. Ukisimama kati ya sahani na mdomo anajua kinachokosekana, na chumvi imeshafika kabla hujafikiri. Labda ndiyo maana lugha zote mbili zilinichosha.

Wachomeleaji walipozoea, ukaanza ugomvi wa Mama na yule mzee wa masharubu.

Chanzo kilikuwa samaki wa kukaanga kwa piripiri na limau. Mzee alionja kabla hajafika mezani, akasimama katikati ya kantini, akafumba macho, akasema kwa sauti ya mtu anayeadhini: "Esquisito!"

Ndivyo tulivyosikia. Na kila aliyesoma hata madarasa mawili ya Kireno anajua maana ya *esquisito*. Ni kitu cha ajabu ajabu, kitu kisicho sawa, kitu unachokitazama mara mbili kabla hujakigusa. Nikageuka kumtazama Mama. Alikuwa ameshika mwiko, hajasogea.

"Amesema nini huyu?" akaniuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Sijui, Mama. Labda hajazoea piripiri."

"Hajazoea piripiri," akarudia polepole. "Haya."

Kesho yake mzee alipofika kwenye foleni, Mama alimpokonya mwiko mhudumu aliyekuwa kwenye samaki, akampakulia yeye mwenyewe. Alimpa mkia. Mkia mtupu, ule wa kutupia paka, na wali wa kufunika chini ya sahani tu. Mzee akatazama sahani, akamtazama Mama, akatabasamu kwa heshima. Akaenda kukaa. Akala. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na aliona mama wa watu amenuna, akaamua kumtuliza. Akainuka, akamwinamia kwa mbali, akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi: "Esquisito, señora!"

Siku iliyofuata mkia ulikuwa mdogo zaidi.

Hivyo ndivyo walivyokwenda. Yeye akizidi kunyimwa, anazidi kusifu. Akizidi kusifu, anazidi kunyimwa. Wenzake walikuwa wanamgawia vipande vya samaki kutoka sahani zao. Mama alikuwa anapika kwa hasira, na kwa bahati mbaya ya yule mzee, Mama akikasirika chakula chake huwa kitamu mara dufu. Mimi nilikuwa kati yao na cheo changu cha ukalimani, na wala hakuna aliyeniomba nikalimani. Shefe aliwaona wakipigiana salamu kila mchana akaniambia anafurahi kuona urafiki wa mataifa.

Nilijaribu mara moja. "Mama," nikasema tukiosha mchele, "labda kwao neno lina maana nyingine. Unakumbuka mambo ya pweza."

"Binti," akasema, "wewe uliwaambia wale vumbi. Sasa unataka kunifundisha?"

Nikarudi kwenye mchele.

Kilichouvunja ugomvi ule ni shefe mwenyewe, bila kujua, kama alivyofanya mambo yake mengine mengi mazuri. Ilimjia fikra kwamba wafanyakazi wachangamshwe kwa kitu kitamu baada ya chakula cha mchana. Mama akapika pudimu ya mayai na sukari iliyounguzwa, tukaikata vipande, tukaipanga kwenye meza ya pembeni. Shefe akanivuta mkono.

"Waambie mabwana kwamba kitindamlo kiko tayari, na wajisikie huru."

Kitindamlo, kwa Kireno, ni *sobremesa*. Neno zuri, halina hatari, halina vumbi ndani yake. Nikasimama katikati ya meza zao nikatangaza: "Señores, sobremesa!"

Wakatazamana. Mmoja aliyekuwa ameanza kuinuka akakaa tena, taratibu.

"Sobremesa?" akauliza msimamizi wao. "Kweli? Hapa?"

"Hapa," nikasema.

"Leo?"

"Leo. Shefe amesema mjisikie huru."

Walimgeukia shefe kwa pamoja. Shefe akawapungia mkono kwa furaha. Msimamizi akauliza kwa sauti ya chini, kama anaogopa kuharibu bahati: "Mpaka lini?"

Hilo nililielewa, nikamgeukia shefe. "Wanauliza mpaka lini."

"Mpaka iishe, bila shaka!" akasema shefe.

Nikawaambia: mpaka iishe.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kwao sobremesa haipikwi. Ni kule kukaa mezani baada ya kula, watu wameshiba, hawana haraka, wanapiga soga, kahawa inaletwa, soga inaendelea, mtu anasimulia habari za shemeji yake, na kadhalika mpaka jua linahama. Kwao ni kitu cha Jumapili, cha nyumbani kwa mama. Nami nilikuwa nimewatangazia kwa niaba ya uongozi kwamba leo, katikati ya zamu, ipo, na haina mwisho.

Wakalegeza kamba za viatu. Mmoja akavua koti akalitundika kwenye kiti. Karata zikatoka mfukoni, sijui zilikuwa zinasubiri nini humo siku zote. Wakaniomba kahawa, nikawapa kahawa. Pudimu waliiona, wakaila, wakaisifu, hawakuiunganisha na tangazo langu hata kidogo. Nje basi la kuwarudisha kazini likapiga honi. Msimamizi akamwendea dereva, akamweleza kwa ishara kwamba kuna amri mpya.

Shefe alikuwa ameshaingia ofisini kwake, ameridhika.

Ni katika utulivu ule yule mzee wa masharubu aliinuka, akaja kwenye kaunta. Mama alikuwa anafuta sinia kubwa. Mzee akavua kofia. Akasema nami polepole, kwa maneno mafupi, ili nisipotee.

"Binti, muulize bibi huyu. Nimemkosea nini?"

Nikamgeukia Mama nikamwambia kwa Kiswahili: "Mama, anauliza amekukosea nini."

"Amenikosea nini!" Akaweka kitambaa chini. "Muulize yeye. Kila siku ya Mungu anasimama mbele za watu anakitukana chakula changu. Ajabu, ajabu, ajabu. Kama ni cha ajabu si asile? Mbona sahani anairudisha tupu?"

Nikamwambia mzee, kwa Kireno nilichokiponda ponda mpaka kikafanana na chake, kwamba mama amechoka kusikia chakula chake ni cha ajabu.

Akanitazama kama nimempiga kofi. "Mimi? Cha ajabu?"

"Unasema esquisito. Kila siku."

"Exquisito, ndiyo! Exquisito!" Akakusanya vidole vyake vinene mdomoni, akavibusu, akavifungua hewani. Akageuka huku na huku akitafuta neno jingine, akapata moja ambalo hata ndugu waliogombana hawajagawana. "Delicioso! Exquisito ni delicioso, lakini zaidi. Ni juu. Juu kabisa!" Akaonyesha dari.

Sikuhitaji kutafsiri. Mama alikuwa amesikia *delicioso*, ambalo ni kitamu kwa lugha zote mbili, na uso wake ulikuwa unafanya mambo kadhaa kwa wakati mmoja.

"Sasa kwa nini hakusema delicioso tangu mwanzo?" akaniuliza kwa ukali.

Nikamuuliza mzee. Akafikiri kwa makini, kama mtu aliye mahakamani.

"Kwa sababu delicioso ni ndogo," akasema. "Delicioso nasema kwa chakula cha mke wa kaka yangu. Hiki cha bibi huyu nimekitafutia neno kubwa."

Nikamfikishia Mama, neno kwa neno. Hiyo ndiyo tafsiri pekee niliyoifanya pale kambini bila kupunguza wala kuongeza kitu. Mama hakuomba radhi. Mtu wa Mueda haombi radhi kwa mzungu kwa ajili ya mkia wa samaki. Alichukua sahani, akaenda kwenye sufuria, akarudi na kichwa cha samaki kizima, pamoja na kipande cha shingo chenye mafuta, na matapa, kile kisamvu chetu cha nazi, na wali uliopanda kama kichuguu, akaiweka mbele yake.

"Mwambie ale."

"Mama, ameshakula. Na pudimu amekula."

"Mwambie ale."

Akala. Alikula kwa kusimama, pale pale kaunta, jasho likimtoka kwenye masharubu, na Mama alimtazama mkono wake mpaka sahani ikaisha. Nilimhurumia kuliko siku za mikia.

Wakati huo shefe akatoka ofisini. Sijui alisikia honi, au alisikia mtu akiimba, maana kulikuwa na mmoja ameshaanza kuimba. Akasimama mlangoni akaziona karata, viatu vilivyolegezwa, na vikombe vya kahawa. Uso wake mwekundu ukapata rangi mpya.

"Kwa nini hawa watu wako hapa?"

"Wako kwenye kitindamlo, shefe," nikasema.

"Kitindamlo kimeisha!"

Nikawageukia. "Señores, sobremesa imeisha." Wakafunga kamba za viatu bila kinyongo, kama watu waliojua tangu mwanzo kwamba dunia hii si ya kudumu. Walipokuwa wanatoka kila mmoja alimpa shefe mkono wa shukrani. Alilazimika kuipokea mikono yote.

Kisha akaniita ofisini. Akaniuliza kama kweli ninajua Kihispania. Nikamkumbusha kwamba sikuwahi kusema ninajua. Yeye ndiye aliyesema. Akalifikiria hilo kwa muda, hakulipenda, akatoa simu mezani. Kuanzia kesho, akasema, simu ndiyo itakayotafsiri. Ilikuwa na programu maalumu. Haikosei, na haina maoni.

Ikafungwa kwenye kaunta kwa utepe wa gundi, na mimi nikarudi kwenye sinia zangu nikiwa na furaha isiyo na kifani. Shefe alizungumza na simu kwa karibu sana, kama anataka kuibusu, nayo ikasema kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri. Tatizo lilikuwa vyombo vinavyogongana, mashine za hewa, na Kiingereza chenyewe. Siku ya kwanza alitaka kuuliza kama kuna anayependa kuongezewa sahani ya pili. Sasa, kwa Kiingereza chake, neno analolitumia kwa sahani ya pili ndilo lilelile la sekunde za saa. Simu ikatafakari, ikatangaza kwa Kihispania safi: "Je, kuna mtu yeyote hapa anayejali sekunde?"

Wachomeleaji wakatazama saa zao. Msimamizi, ambaye alikuwa bado na jeraha la sobremesa, alidhani ni onyo. Wakala upesi, wakatoka, na nusu ya wali ikabaki.

Simu haikumaliza wiki. Mchuzi uliimwagikia, nadhani kwa bahati mbaya. Mama ndiye aliyekuwa kwenye zamu ya mchuzi.

Nikarudishwa kwenye cheo. Safari hii nilijifunza. Mzee alikuwa anabaki nyuma kidogo wenzake wakienda kunawa, nami nikifuta meza alininyanyulia kitu kimoja kimoja akikitaja kwa Kihispania: kijiko, uma, leso ya karatasi, glasi. Nilishangaa jinsi ndugu wanavyoweza kuishi jirani wakaita kijiko kwa majina mawili yasiyojuana kabisa. Mzee naye alitaka ya kwetu. Nilimfundisha kusema "naomba maji" na "shikamoo, Mama." Shikamoo aliipenda, akawa anaitoa kwa kila mtu, pamoja na vijana wa kuosha vyombo na shefe. Shefe aliniuliza maana yake. Nikamwambia ni namna ya kuuliza kama haitakuwa usumbufu.

Mkataba wao ulipokwisha, waliondoka asubuhi. Mama alikuwa ameamka mapema akapika pweza wa nazi, akamtilia kwenye bakuli lake mwenyewe la bati lenye maua mekundu, akafunika, akafunga kwa kitambaa. "Mpelekee yule mzee," akasema. "Mwambie njiani wanawapa mikate yenye baridi." Yeye hakutoka. Alisema ana mboga za kuchambua.

Nilimkuta mzee kwenye ukaguzi, kabla ya basi la uwanja wa ndege. Askari wa zamu alikuwa kijana wa Nampula, mpole, aliyeogopa kanuni kuliko alivyomwogopa Mungu. Akafungua kitambaa, akanusa.

"Chakula cha kantini hakitoki, mana," akaniambia. Huyu alikuwa ananiita mana, dada, kama wanavyosema kwao. "Kanuni."

"Ni cha mtu mmoja tu, kaka. Ni zawadi."

"Najua. Lakini hakitoki. Mwambie."

Nikamwambia mzee. Nilitafuta namna ya kuisema kwa upole, nikaikosa, nikasema tu: hairuhusiwi kupita na chakula.

Mzee akatazama bakuli. Akatazama basi, ambalo wenzake wote walikuwa wameshapanda na injini inanguruma. Akaniuliza: "Hairuhusiwi kupita mkononi, au hairuhusiwi kupita kabisa?"

Nikamuuliza askari. Askari akakuna kichwa. Kanuni ilikuwa inasema mkononi na kwenye mizigo.

"Basi," akasema mzee. Akaweka begi chini, akakaa kwenye ukingo wa saruji, akaweka bakuli magotini, akatoa kijiko mfukoni mwa shati, na akaanza kula. Hakuharakisha. Dereva akapiga honi. Msimamizi akatoa kichwa dirishani, akaona kinachoendelea, akamwambia dereva neno fulani, honi ikakoma. Askari alisimama mbele yake amefunga mikono kifuani, kwa sababu kanuni haikusema lolote juu ya mtu anayekaa chini akala, na harufu ya nazi ilikuwa inamwendea usoni moja kwa moja.

Katikati ya bakuli mzee akainua kichwa. "Muulize kijana huyu ameshakunywa chai?"

Nikauliza. Askari akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mwambie bado," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Mwambie aniachie na huo mkono wenye vikombe vikombe."

Sikuwa na neno la vile vikombe vya pweza, kwa lugha yoyote kati ya zile zote. Nikaonyesha kwa kidole. Mzee akausogeza ule mkono kwa kijiko mpaka ukingoni mwa bakuli, askari akauchukua kwa vidole akageukia ukuta akala.

Basi lilipoondoka nikarudi jikoni. Mama alikuwa bado ana zilezile mboga mbele yake, na sidhani kama alikuwa amechambua hata jani moja.

"Amekula?" akaniuliza.

"Amekula, Mama."

"Yote?"

"Yote. Askari naye amekula kidogo."

Akaokota jani moja, akalitupa, akaokota jingine.

"Na bakuli langu liko wapi?"

Nikalitoa chini ya kanga nikampa. Akaligeuza, akalitazama ndani, hata mafuta hayakuwemo. Akalisuuza mara moja kwa maji, akalirudisha rafuni, akaniambia nilete mchele, mchana umekaribia.